Maisha ya Mwalimu Enoch Sontonga, Mwimbishaji wa Watoto



Katika namba hii tunapenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye wengi wenu mmesikia wimbo wake bila kujua jina lake. Wale wenye jamaa Kigoma au Dar es Salaam, na wale waliovuka ziwa Tanganyika kukimbilia Tanzania katika vita ya 1996 na ya 1998, wamewaona watu wa huko wakisimama wima na kuimba Mungu Ibariki Afrika. Wengine wetu tulifikiri kwamba sauti ile ilitungwa na Watanzania wenyewe, au na Mzee Nyerere. Sivyo. Ilitoka mbali, kwa mwalimu mmoja wa shule ya misioni aliyeitwa Enoch Mankayi Sontonga, na waimbaji wake wa kwanza walikuwa watoto wa shule.

Tunaandika habari hii juu ya mambo mawili yaliyomo katika makanisa yetu. La kwanza, wazazi wengine wanaona korale ya watoto kuwa mchezo wa kupoteza saa. La pili, sisi wakubwa hatutunzi kazi ya wale wanaotuimbisha. Hili la pili linanichoma moyo, na sababu yake nitaieleza mwishoni.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Enoch Sontonga alizaliwa karibu na mwaka 1873 huko Uitenhage, mashariki ya jimbo la Cape, katika Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa. Alipokua alijifunza ualimu Lovedale, shule kubwa iliyoanzishwa na wamisionari wa Uskoti, ambako vijana wengi Waafrika walisomea kazi ya kufundisha.

Shule za misioni za wakati ule zilitumia namna ya kuandika nyimbo kwa herufi za do, re, mi, pasipo mistari na alama za noti. Ndugu waimbishaji mnaijua faida yake. Mwalimu asiye na piano wala gitaa, mwenye ubao na chaki tu, anaweza kuwafundisha watoto sauti nne na zikapatana. Sontonga aliandika nyimbo zake kwa namna hiyo.

KAZI YAKE JOHANNESBURG

Karibu na mwaka 1896 alikwenda kufundisha katika shule ya misioni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Tukumbuke mji ule ulikuwa wa namna gani. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa pale mwaka 1886, miaka kumi tu mbele yake. Watu walikuja kwa maelfu kuchimba, wengine kutoka hata Msumbiji. Waliacha wake na wazazi vijijini, wakalala makambini, wakashuka chini ya ardhi kwa mshahara mdogo, na Mwafrika hakutembea barabarani pasipo karatasi ya ruhusa. Sisi wa Kivu hatuna haja ya kufundishwa sana habari hizo. Tunawajua vijana wetu wanaoshuka katika mashimo ya dhahabu huko Kamituga na Misisi, na mama wanaowangojea nyumbani.

Katika mji huo Sontonga alifundisha watoto. Tena aliwaimbisha, na alikuwa pia mpiga picha. Zaidi ya hayo alikuwa mhubiri katika kanisa la Mchungaji Pambani Jeremiah Mzimba. Mzimba alikuwa mchungaji Mwafrika aliyejitenga na kanisa la Waskoti mwaka 1898, akaanzisha kanisa la Kipresbiteri lililoongozwa na Waafrika wenyewe. Mke wa Sontonga, Diana, alikuwa binti wa mchungaji wa kanisa la African Methodist Episcopal, ambalo lilianzishwa na watu weusi wa Marekani. Basi nyumba yake ilikuwa nyumba ya watu walioamini kwamba Mwafrika anaweza kusimama mwenyewe mbele za Mungu, akahubiri, akatunga wimbo, bila kuazima kinywa cha mwingine. Mungu aliwapa Enoch na Diana mtoto mmoja wa kiume.

WIMBO WA MWAKA 1897

Sontonga alitunga nyimbo nyingi kwa ajili ya wanafunzi wake. Aliziandika kwa mkono katika kaye. Watu waliozisikia walisema kwamba nyingi zilikuwa za huzuni, kwa sababu alikuwa anaona mateso ya watu waliomzunguka. Hata hivyo watu walizipenda, na korale yake ilikuwa ikiimba hapa na pale katika sehemu za Johannesburg.

Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo unaoitwa Nkosi Sikelel' iAfrika, kwa lugha ya Kixhosa. Ni ombi kwa Mungu aibariki Afrika, na kwa Roho ashuke.

Tusimame kidogo hapa. Mwaka 1897, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kugawana Afrika katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 na miaka iliyofuata. Nchi yetu ya Kongo ilikuwa mikononi mwa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kama shamba lake mwenyewe. Wakati huo mwalimu mdogo, mwenye miaka kama 24, aliyefundisha katika shule ya misioni, aliweka katika vinywa vya watoto ombi la Afrika nzima. Hakuomba baraka kwa Waxhosa peke yao. Wala hakuomba kwa ajili ya Johannesburg peke yake.

Wimbo uliimbwa mbele ya watu wengi mwaka 1899, siku ya kumwekea mikono Mchungaji Mboweni wa kanisa la Kimethodisti. Mboweni alikuwa Mtsonga. Basi wimbo wa Mxhosa ulianza safari yake katika ibada ya kumbariki mtu wa kabila lingine. Sisi ambao tumezika watu wengi kwa sababu ya maneno ya kabila, tuliangalie jambo hili vizuri.

KIFO CHAKE NA KAYE ILIYOPOTEA

Sontonga hakuishi siku nyingi. Alisumbuliwa mara kwa mara na maumivu ya tumbo, na inasimuliwa kwamba alikuwa akisema siku zake za mwisho zimekaribia. Tena inasimuliwa kwamba siku moja tu mbele ya kufa aliomba ampige mke wake picha. Alikufa tarehe 18 mwezi wa nne 1905, akiwa na miaka kama 32. Gazeti la Imvo Zabantsundu lilitangaza kifo chake. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg.

Hakuacha shamba wala nyumba kubwa. Aliacha mjane, mtoto, na kaye ya nyimbo. Waimbishaji wa korale zingine walikuwa wakija kwa Diana kuazima nyimbo zile, naye hakuwanyima. Kaye ilitoka mkono huu ikaenda mkono ule, mwishowe haikurudi. Karibu nyimbo zake zote zilipotea hivyo. Inasimuliwa pia kwamba Diana aliuza haki ya ule wimbo mkubwa kwa peni sita tu. Alifariki mwaka 1929.

Wapendwa, yule mama hakuwa na kosa. Waliokosa ni wale walioazima.

VIJANA WALIOUBEBA WIMBO

Lakini wimbo mmoja haukupotea, kwa sababu ulikuwa umekwisha kukaa katika vichwa vya waimbaji.

Tarehe 8 mwezi wa kwanza 1912, wakubwa wa Waafrika walikusanyika Bloemfontein kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress. Walipomaliza sala ya kufunga mkutano, waliimba wimbo wa Sontonga. Rais wao wa kwanza alikuwa Mchungaji John Langalibalele Dube, ambaye alikuwa ameanzisha shule ya Ohlange huko Natal. Korale ya vijana wa Ohlange, iliyoongozwa na mwalimu Reuben Caluza, ilikwenda Johannesburg kuimba, nayo ndiyo iliyoueneza wimbo sana katika mji ule ambao mtungaji wake alikuwa amezikwa. Angalieni jinsi Mungu alivyofanya. Mwalimu aliutunga kwa ajili ya watoto wa shule. Alipokufa, vijana wa shule nyingine, kabila lingine, waliuchukua na kuurudisha karibu na kaburi lake.

Mwaka 1923 Sol Plaatje, mwandishi na mtetezi wa Waafrika, aliuimba London ukatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1925 chama kiliufanya kuwa wimbo wake. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba, nao ukachapwa Lovedale, pale pale mtungaji alikojifunza ualimu.

Kisha ukavuka mipaka. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1961, sauti ile ilipewa maneno ya Kiswahili ikawa wimbo wa taifa. Zambia iliichukua mwaka 1964 kwa maneno yake yenyewe. Zimbabwe iliitumia tangu uhuru wake wa 1980 hadi 1994. Katika Afrika Kusini yenyewe watu waliendelea kuiimba katika mazishi na mikutano wakati wote wa ubaguzi, hata mwaka 1994 ikawa wimbo wa taifa pamoja na wimbo wa zamani wa serikali. Mwaka 1997 nyimbo hizo mbili ziliunganishwa kuwa mmoja.

KABURI LILILOTAFUTWA

Watu walipotaka kumheshimu mtungaji, hawakujua kaburi lake. Walitafuta jina la Sontonga katika vitabu vya makaburi wasilione. Mwishowe liligunduliwa: aliandikwa kwa jina la Enoch tu, katika sehemu ya Wakristo weusi. Mtu ambaye wimbo wake uliimbwa na mataifa alilala miaka tisini pasipo mtu kujua mahali pake, kwa sababu mwandishi hakuandika jina la pili.

Tarehe 24 mwezi wa tisa 1996, Rais Nelson Mandela alifunua jiwe la ukumbusho pale Braamfontein, na serikali ilimpa Sontonga nishani ya heshima. Mjukuu wake aliipokea kwa niaba yake.

MAFUNDISHO TUNAYOPATA

1. Kazi ya watoto si mchezo. Mzazi anayemwita mtoto wake kutoka korale Jumamosi akisema hakuna faida, afikiri ni nani aliyehifadhi wimbo wa Sontonga. Kaye ilipotea, vichwa vya watoto na vijana havikupotea.

2. Udogo wa kazi usikuvunje moyo. Mwalimu wa darasa la kwanza, mwimbishaji wa watoto kumi chini ya mabati yaliyotoboka, hajui Mungu atapeleka kazi yake wapi. Sontonga hakuona mwaka 1912 wala 1961. Alipanda, akalala.

3. Tuandike, na tutunze. Andika wimbo, andika jina kamili la aliyeutunga, andika mwaka.

Sasa nieleze lile nililoahidi. Katika parokia yetu alikuwako mzee mwimbishaji aliyenifundisha sauti ya besi. Alipofariki mwaka 2003, mimi nilikuwa kijana. Nilikwenda kwa mjane wake nikaazima kaye yake, yenye nyimbo zaidi ya arobaini, nikaahidi kuzinakili kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi. Kila Jumapili nilisema, wiki kesho. Mwezi wa sita 2004, vita ilipoingia Bukavu, tulitoroka nyumba. Tuliporudi mlango ulikuwa umevunjwa, na karatasi za kaye zilikuwa zimetumika kuwashia makala. Nilikuta kipande kimoja tu kando ya mbabula, chenye herufi za do-re-mi za mkono wake.

Siwezi kuitupia vita kosa hilo lote. Vita ilikuja siku moja; mimi nilikawia mwaka mzima. Mama yule hakuniuliza hata mara moja mpaka alipolala katika Bwana, na kutoniuliza kwake kulinilemea zaidi ya maneno. Leo tunaimba nyimbo saba za mzee yule. Hizo saba zilishikwa na watoto wa korale ya wakati ule, ambao sasa ni wababa na wamama. Niliketi nao mmoja mmoja, wakaniimbia, nikaandika.

Kwa hiyo ninawaomba wakubwa wa korale zote: kila korale inunue kaye moja ya kukaa kanisani kwa katibu. Mwenye kuazima aandike jina lake na siku ya kurudisha. Na kama kuna mzee kwenu anayejua wimbo ambao haujaandikwa, msingoje wiki kesho.

Mungu awabariki, na awabariki watoto wanaoimba.

Shemasi wenu