Habari za Paul Gerhardt, Mtumishi Aliyepepetwa

Nyimbo nyingi za vitabu vya Kilutheri huimbwa na watu wasiomjua aliyezitunga. Mmoja wa watungaji hao ni Paul Gerhardt, mchungaji wa Ujerumani. Aisikiaye faraja iliyomo katika nyimbo zake aweza kudhani kwamba aliishi kwa raha. Sivyo hata kidogo.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen. Baba yake alifariki mwaka 1619, na mama yake mwaka 1621; hivyo akawa yatima angali kijana wa miaka 14. Tena mwaka 1618 vilikuwa vimeanza Vita vya Miaka Thelathini, navyo havikukoma mpaka 1648. Popote majeshi yalipopita, njaa na tauni zilifuata nyuma. Mwaka 1637 askari wa Sweden waliuteketeza kwa moto mji ule aliozaliwa.

Gerhardt alijifunza elimu ya Mungu huko Wittenberg, lakini miaka mingi ikapita asipate usharika. Akaenda Berlin, akafundisha watoto katika nyumba ya mwanasheria mmoja, jina lake Berthold. Mwaka 1647 Johann Crüger, kiongozi wa uimbaji katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, alipiga chapa nyimbo zake 18. Angalieni mwaka huo: vita vilikuwa havijaisha. Hakungoja amani ije ndipo amwimbie Mungu.

Mwaka 1651, akiwa na miaka 44, alibarikiwa kuwa mchungaji, akawekwa Mittenwalde. Mwaka 1655 alimwoa Anna Maria, binti wa Berthold. Mungu aliwapa watoto watano, lakini wanne walikufa wangali wadogo. Wa kwanza hakutimiza hata mwaka. Mchungaji aliyewafariji wengine makaburini alisimama sasa penye kaburi la mtoto wake mwenyewe.

Mwaka 1657 aliitwa kulitumikia kanisa la Mtakatifu Nikolai huko Berlin, na watu wakampenda sana. Lakini mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alitaka kukomesha mashindano ya Walutheri na Wareformati mimbarani, akawaagiza wachungaji watie sahihi ahadi ya kuitii amri yake. Gerhardt hakuwa mtu wa matukano, ila aliona kwamba sahihi hiyo ingemfunga asiishike imani kama alivyoapa. Akakataa, na mwaka 1666 akaondolewa kazini. Wenyeji wa mji walimwombea, hata mwaka 1667 mtawala akamrudishia kazi bila sahihi, lakini akitazamia kwamba ataishika amri vilevile. Moyo wake ukamshitaki; akaiacha kazi. Mwaka 1668 mkewe akafariki. Akabaki na mwana mmoja tu.

Mwaka 1669 alikwenda kutumika Lübben, akakaa huko mpaka alipofariki tarehe 27 Mei 1676. Husimuliwa kwamba katika saa yake ya mwisho alikuwa akisema ubeti wa wimbo wake mwenyewe, juu ya mauti iliyoshindwa na Kristo. Katika kanisa la Lübben iko picha yake, na chini yake maneno ya Kilatini yanayomtaja kuwa mtu aliyepepetwa katika ungo wa Shetani.

Basi, tujifunze nini? Karibu nyimbo zake zote alizitunga kabla ya siku zile za mwisho. Johann Georg Ebeling alikwisha kuzipiga chapa 120 katika miaka ya 1666 na 1667. Katika uzee wake Gerhardt hakutunga nyingi tena. Nguvu za kutunga zilipungua, lakini Neno alilolitia katika nyimbo zake halikupungua. Likamchukua yeye mwenyewe. Mtume Paulo naye aliomba mwiba uondolewe, asiondolewe, bali akapewa neema ya kutosha (2 Kor. 12:7-9). Ndivyo ilivyokuwa kwa Gerhardt. Watoto wake hawakurudishwa, wala mkewe. Alipewa kushikwa na Bwana asianguke.

Nanyi walimu wa vijiji, mwitwapo usiku kwenda kwa mama aliyefiwa na mtoto, msimwambie kwamba msiba ni kitu chepesi, wala msione haya mkilia pamoja naye. Huenda siku hiyo ninyi wenyewe ni dhaifu, hata sauti ya kuimba hamna. Anzeni wimbo hivyo hivyo, na wengine wataupokea. Ungo hutikisa chembe pamoja na makapi, lakini Bwana azijua chembe zake, wala hataacha hata moja ipotee.