Margaret Trowell: Aliyeitoa sanaa barazani na kuifikisha chuo kikuu

JE, sanaa yafaa kusomewa katika shule ya wachoraji peke yao au katika chuo kikuu, pamoja na udaktari na ualimu? Swali hilo liliandama kazi ya Margaret Trowell kwa takriban miaka 20, na jibu lake ndilo lililozaa shule ya sanaa ya Makerere, nchini Uganda.

Alizaliwa jijini London mnamo mwaka wa 1904. Alisomea uchoraji katika Slade, shule ya sanaa iliyo chini ya University College London, ambako mwalimu mkuu, Henry Tonks, alisisitiza ustadi wa kuchora umbo la binadamu. Baadaye alisomea ualimu. Huko alivutiwa na mafunzo ya Marion Richardson, aliyeamini kuwa mwanafunzi hubeba picha akilini mwake, na kwamba kumlazimisha kunakili kazi za wengine ni kuziua picha hizo.

Mnamo 1929 alifika Kenya pamoja na mumewe, daktari Hugh Trowell. Wakiishi Ukambani, alizichunguza kwa makini kazi za mikono za wenyeji. Mwaka wa 1935 walihamia Kampala, na miaka michache baadaye akaanza kuwafundisha wanafunzi wachache katika baraza ya nyumba yake.

Wakati huo wakoloni wengi walishuku iwapo Mwafrika angeweza kuwa mchoraji, sembuse kupewa nafasi ya kusomea uchoraji chuoni. Trowell aliwajibu kwa maonyesho. Kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Kampala mwaka wa 1938, kisha London mwaka wa 1939. Makerere ikalipokea somo hilo. Lililokuwa jambo la ziada likageuka kuwa kozi kamili, na walimu wa sanaa wakaanza kuhitimu.

Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa Mkenya Gregory Maloba, aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka wa 1962. Wengine walikuwa Sam Ntiro wa Tanganyika, aliyeendelea na masomo Slade na baadaye akawa balozi wa nchi yake London, na Elimo Njau, aliyechora maisha ya Yesu katika mandhari ya Kiafrika kwenye kuta za kanisa la ukumbusho mjini Murang'a.

Hata hivyo, Trowell hakukosa wakosoaji. Alihofia kwamba mafunzo ya Kizungu yangewapotezea vijana sauti yao, hivyo akawahimiza wachore maisha na hadithi za kwao. Wapo waliolalamika kwamba tahadhari hiyo iliwanyima elimu ambayo yeye mwenyewe aliipata Slade. Alipostaafu mwaka wa 1958, mrithi wake, Cecil Todd, alifuata mkondo tofauti: akatilia mkazo historia ya sanaa ya dunia na mitindo ya kisasa ya Ulaya.

Trowell alifariki mwaka wa 1985. Shule aliyoianzisha ilipewa jina lake. Kwa kuiweka ndani ya chuo kikuu bila kuwanyang'anya wanafunzi karakana, udongo na rangi, alikuwa amekataa kuchagua njia moja na kuitupa nyingine.