Bombay, kapita wa safari aliyefika Uvira mwaka wa 1858

Kwenye mashimo ya zahabu, toka Misisi mpaka Kamituga, kila ekipe inajua tofauti kati ya kapita mwenye watu wanamkimbilia na kapita mwenye watu wanamkimbia. Leo, ndugu wasomaji, tunawaletea maisha ya kapita mmoja wa zamani. Hakuchimba zahabu hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuongoza watu wenye kubeba mizigo kwa miguu, miezi na miezi, na mara mbili kazi ile ilimfikisha huku kwetu, kichwani mwa ziwa Tanganyika. Wazungu waliosafiri naye wana sanamu na vitabu. Yeye aliitwa Sidi Mubarak Bombay.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1820 kati ya Wayao, fasi ambazo leo ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Alipokuwa na miaka kama 12, wafanyabiashara wa pwani walifika kijijini kwao na bunduki kudai deni la vitu walivyokopesha. Watu hawakuwa na cha kulipa. Wengine walikimbia, wengine walishikwa, na huyu mtoto alikuwa kati ya walioshikwa. Akapelekwa Kilwa, kisha Zanzibar, akauzwa kwa vitambaa, na tajiri wake akamvusha bahari mpaka India. Huko ndiko lilikotoka jina. Sidi ni vile Wahindi wanaita watu waliotoka Afrika, Mubarak maana yake aliyebarikiwa, na Bombay ni ule mji mkubwa. Jina alilopewa na mama yake limepotea.

Alikaa India miaka mingi. Tajiri alipokufa, Bombay akapata uhuru wake, akarudi Zanzibar, akaingia askari wa Sultani. Mwaka wa 1857 alikuwa kwenye ngome ndogo karibu na mto Pangani, mshahara mdogo, madeni mengi. Ni pale Waingereza wawili, Burton na Speke, walimkuta. Walikuwa wanatafuta maziwa ya bara na chanzo cha mto Nili. Walilipa madeni yake ndipo akakubali kuwafuata.

Burton alikuwa mtu wa kalamu kali. Watu wengi wa safari ile aliwaandika vibaya, ila juu ya Bombay aliandika mambo ambayo kila mchimbaji atayaelewa. Mwili wa Bombay ulikuwa mdogo. Siku moja mguu wake ulikuwa umeteguka, na bado alibeba mzigo uliomzidi, akaongeza bunduki mbili juu yake. Baada ya kutembea karibu kilomita 50, alikuwa vile vile alivyoanza asubuhi. Ndiye aliyenunua chakula, ndiye aliyepeleka maneno huku na huku. Na wazungu walipokuwa hawamtumi, mtu yeyote wa safari aliweza kumwita, naye akaenda kusaidia. Burton alipoona bidii hiyo, Bombay alimweleza wazi kwamba si mapenzi juu ya wazungu yanayomfanyisha kazi, ni tumbo lake. Jibu lile tunalipenda. Mtu anayekuambia ukweli juu ya mshahara wake, utamwamini hata kwa mengine.

Tueleze kidogo kazi ya safari, sababu wengine watafikiri ni matembezi. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 30: vitambaa, shanga, waya wa shaba, baruti. Vitambaa na shanga ndivyo vilikuwa feza ya njia. Bila hivyo hakuna kula, hakuna kupita kwa machifu. Watu walikaa kwa vikundi vya kambi, wanapika chungu kimoja, wanalala pamoja, wanauguzana. Mpagazi aliyeonewa hakuenda kushtaki popote. Alingoja usiku, akaacha mzigo, akarudia njia ya kwao. Asubuhi mizigo iko chini na mabega hakuna, safari imesimama, na mkubwa anapiga kelele bure. Kwa hiyo kapita aliyesikilizana na watu alikuwa uzima wa safari yenyewe. Fimbo ilikuwa mikononi mwa wakubwa wengi wa siku zile na waliitumia, lakini hakuna aliyepata fimbo ya kumpiga mtu ambaye ameshatoroka.

Kwa Bombay kulikuwa pia kazi ya lugha. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu, ila alijua Kihindi kidogo. Bombay alikuwa anasikia neno kwa Kiswahili, analigeuza Kihindi, Speke analiandika Kiingereza. Maneno ya watu wote wa chini, na maagizo yote ya mkubwa, yalipita kwenye mdomo wa mtu mmoja. Mtu wa namna hiyo akitaka kudanganya, nani atamkamata?

Sasa tufike Uvira.

Mwezi wa pili mwaka wa 1858 safari ilifika Ujiji. Burton alikuwa amelala kwa homa, Speke macho yake karibu yafe. Mwezi uliofuata Speke alivuka ziwa mpaka kisiwa cha Kasenge kumwona mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim. Hamed alieleza juu ya mto mkubwa ulio kaskazini mwa ziwa. Bombay alitafsiri, na Speke akabaki na neno moja lenye uzito wa dhahabu: mto unatoka ziwani. Kama unatoka ziwani na kwenda kaskazini, basi unaweza kuwa Nili! Wazungu wale wawili waliposikia hivyo, ugonjwa waliusahau. Walikodi mitumbwi miwili kwa chifu Kannena wa Ujiji, wakapanda pwani ya Burundi chini ya mvua, wakavuka mpaka Ubwari, wakapita kwa Wabembe, na tarehe 26 ya mwezi wa nne wakashuka Uvira.

Uvira ya wakati ule ilikuwa soko la kaskazini la ziwa zima. Walinunua pale nafaka, nguo za magome ya miti, vyuma, meno ya tembo, na watumwa. Bombay aliyeuzwa kwa vitambaa alitembea kwenye soko ambako watoto wa wengine walikuwa wanauzwa.

Chifu wa Wavira aliitwa Maruta. Watoto wake watatu, vijana wenye nguvu, walikuja kuwasalimu wageni, wakaulizwa juu ya mto. Mtoto yeyote wa Kavimvira angewajibu. Rusizi inaingia ziwani. Haitoki. Vijana walisema wamefika huko wenyewe, na watu wote waliokuwa pale wakakubali.

Hapo Bombay akasema kwamba maneno ya Kasenge yalikuwa yameeleweka vibaya: Hamed alizungumza juu ya mto unaoingia, si unaotoka.

Tusimame hapa. Safari imekula feza za Serikali ya Uingereza na za Shirika la Kifalme la Jiografia la London. Mkubwa mmoja anaumwa kiasi kwamba hata kusema ni shida, ulimi wake umejaa vidonda. Mwingine amepoteza wiki nyingi kwa neno lile. Bombay aliweza kunyamaza. Aliweza kusema vijana wa Maruta ni waongo. Tena wapiga kasia walikuwa wamekataa kwenda mbele mpaka mdomo wa mto, hata kama haukufika safari ya siku mbili. Kwa hiyo hakuna mzungu ambaye angeenda kuangalia kwa macho. Neno lake lilikuwa na nafasi yote ya kujificha. Akalitoa.

Kwenye shimo mambo haya tunayajua kwa namna nyingine. Kijana anasikia udongo unalia, ao anaona mti wa kuegemeza umeanza kupinda, naye jana aliambia PDG kwamba fasi ile ni ngumu. Leo kurudi na kusema nilikosea ni haya, na labda ni kufukuzwa. Kama PDG ni mtu wa kutukana, kijana atanyamaza. Walio chini zaidi hawatajua kwa nini alinyamaza. Familia zinazotusoma hazihitaji tuendelee.

Na tuwape wazungu haki yao: walikasirika na mto, si na Bombay. Hakufukuzwa. Miezi michache baadaye Speke alimchukua kwenda kaskazini toka Tabora, na mwezi wa nane mwaka ule walisimama karibu na Mwanza mbele ya ziwa lile ambalo Speke aliliita Victoria.

Speke aliporudi Afrika mwaka wa 1860 pamoja na Grant, Bombay alikuwa tena kwenye safari, na kwa njia akawa mkubwa wa watu wa Zanzibar. Miaka ile haikuwa ya raha. Kulikuwa na kapita mwingine, Baraka, mwenye akili na kiburi, naye alitaka ukubwa kwa nafsi yake. Mabishano yao yaligawa kambi. Kisha, njiani Uganda, Speke na Bombay waligombana juu ya kung'oa hema. Bombay alikataa amri mbele ya watu. Speke akampiga ngumi usoni mpaka damu ikatoka. Bombay akaacha kazi palepale.

Hatutampamba Speke. Aliandika mwenyewe kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kushusha heshima yake namna ile, lakini pia alijieleza kwamba mkubwa wa kikosi akipigwa, lazima apigwe na mkubwa wake mwenyewe. Maelezo yale ni ya kikosi cha askari, na meno ya mtu hayarudi kwa maelezo. Aliyetengeneza jambo ni mzee Nasib, mkalimani aliyeheshimiwa na wote. Alikaa na Bombay, akazungumza naye, mpaka akarudi kazini. Ekipe ikiwa na mzee mmoja wa kupatanisha, ina bahati.

Safari ile ilishuka Nili mpaka Cairo mwaka wa 1863. Watu zaidi ya mia walianza. Waliofika na wazungu mpaka mwisho walikuwa 18, na Bombay ndiye mkubwa wao. Shirika la London lilimpa Bombay medali ya feza, na wenzake medali za shaba.

Mwaka wa 1871 Stanley alifika Zanzibar, akimtafuta Livingstone. Alimkuta Bombay na pengo mdomoni, na aliandika limetoka wapi. Stanley mwenyewe alikuwa mwepesi wa fimbo, na safari yake ilipata uasi wake. Baada ya kumkuta Livingstone pale Ujiji, wote walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini, kumaliza lile swali la 1858. Mwishoni mwa mwaka walifika kwenye mdomo wa Rusizi na kuona maji yenyewe yanaingia ziwani, kama watoto wa Maruta walivyosema. Bombay alikuwa amengoja miaka 13.

Msifikiri tunaeleza malaika. Kwenye safari hiyo hiyo, usiku mmoja pwani ya ziwa, Bombay na Susi, mtumishi wa Livingstone, walikunywa pombe ya wenyeji mpaka wakalala kabisa badala ya kulinda mtumbwi. Asubuhi vitu vilikuwa vimeibiwa, pamoja na kamba ya kupimia kina cha ziwa na sukari yote ya mzee Livingstone. Wenye zamu ya usiku kwenye mashimo wataelewa, na labda watacheka kidogo.

Safari yake ya mwisho kubwa ilikuwa na Cameron. Walitoka Bagamoyo mwezi wa tatu mwaka wa 1873, wakavuka ziwa letu, wakafika Nyangwe ya Maniema mwezi wa nane 1874, wakapita nchi ya Waluba, na mwezi wa kumi na moja 1875 wakaiona bahari ya magharibi huko Angola. Bombay alikuwa amevuka Afrika nzima kwa miguu, tena akiwa na miaka zaidi ya 50. Cameron hakumsifu sana. Aliandika kwamba watu walimheshimu na mara nyingi alisaidia, lakini nguvu za zamani zimepungua na anaishi kwa jina lake la kale. Labda ni kweli. Kapita anayependwa anaweza kulegea. Anaanza kuogopa kuwaudhi watu wake, na wanaofikwa na hasara ni wale wanaofanya kazi vizuri. Lakini tunaona pia jambo lingine: Cameron alimhukumu kwa kasi ya safari. Wapagazi walimhukumu kwa mambo mengine, na baada ya miaka karibu 20 ya njia walikuwa bado wanamheshimu.

Mwaka wa 1876 Shirika la London lilimpa pensheni ya pauni 15 kwa mwaka. Si nyingi, lakini kwa mpagazi wa siku zile hata senti moja ya uzeeni ilikuwa ajabu. Alikaa nayo Zanzibar, na huko akafa tarehe 12 ya mwezi wa kumi mwaka wa 1885, ule mwaka ambao Leopold wa Pili alitangaza kwamba Kongo ni nchi yake.