Josina Machel, Binti Aliyepita Nachingwea

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 2:1–10, Hesabu 27:1–11, Waamuzi 4:1–10, 2 Wafalme 5:1–4, Marko 6:30–32, 1 Timotheo 4:12, Yakobo 1:27.

Wazee wa Nachingwea wanazijua habari za kambi ya FRELIMO iliyokuwa Farm 17, katika ardhi ya ule mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Wakianza kutaja waliopita hapo, jina la kwanza ni Samora Machel. Lakini mwaka 1967 walipita hapo pia wasichana kama 25 kutoka Msumbiji, wakafundishwa kwa miezi mitatu. Mmoja wao aliitwa Josina Muthemba. Baadaye aliolewa na Samora, na ulimwengu ukamjua kama Josina Machel.

Josina hakuwa Mwadventista, na sehemu ya kazi yake ilikuwa ya vita, jambo ambalo tutalizungumza siku ya Alhamisi. Tunayatazama maisha yake kwa sababu moja. Katika vikundi vyetu vya Nachingwea na Ruangwa wako mabinti wanaolijua somo kuliko walimu wao, lakini wakiombwa kusimama wanatazama chini. Tumezoea kusema kwamba hawajiamini, na tunasubiri wajiamini kwanza ndipo tuwape kazi. Maisha ya binti huyu yanatuonyesha mpangilio mwingine: kazi ilitangulia, na ujasiri ukakua humo kazini.

JUMAPILI: Nyumbani na Shuleni

Josina alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945 huko Vilanculos, mkoa wa Inhambane, pamoja na ndugu yake pacha wa kiume. Babu yake alikuwa mhubiri mlei wa kanisa la Kipresbiteri, naye hakuficha kwamba aliupinga utawala wa Wareno. Watu kadhaa wa ukoo huo walionja gereza kwa ajili ya msimamo wao. Kwa hiyo binti huyu alikulia katika nyumba ambamo neno la Mungu lilisomwa, na watu wazima walikuwa tayari kulipa gharama ya kusema ukweli.

Wakati huo Wareno waliwagawa Waafrika mafungu mawili. Wachache waliokubaliwa kuwa wamestaarabika kwa desturi za Kireno walipata nafasi shuleni. Wengine wote walibaki kuwa nguvukazi. Ukoo wa Josina ulikuwa miongoni mwa hao wachache. Alipofika umri wa miaka 13 alipelekwa Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo, akakaa kwa bibi yake na kusoma shule ya biashara. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 1958. Wazazi waliokuwa tayari kumwachia binti wa umri huo aende mbali kwa ajili ya masomo hawakuwa wengi, wala upande ule wa Ruvuma wala upande wetu huu.

Soma Kutoka 2:1–10. Dada yake Musa alisimama kando ya mto peke yake, kisha akamwendea binti Farao na kutoa shauri. Alikuwa msichana tu, mtoto wa watumwa. Mama yake ndiye aliyeandaa kisafina. Kukilinda na kusema kwa niaba ya familia kulikuwa juu ya msichana.

Ni kazi gani nyumbani kwako inayompa binti nafasi ya kuamua na kusema, mbali na kuchota maji, kupika na kulea wadogo zake?

JUMATATU: Safari Iliyoshindikana

Akiwa shuleni Josina alijiunga na NESAM, chama cha wanafunzi Waafrika wa sekondari kilichoanzishwa na Eduardo Mondlane mwaka 1949. Humo vijana walijifunza kujadili, kuitisha mikutano na kutunza siri. Mwaka 1964, akiwa na miaka 18, alitoroka nchini pamoja na wanafunzi wenzake ili kujiunga na FRELIMO iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam. Katika kundi hilo alikuwamo Armando Guebuza, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Rais wa Msumbiji.

Hawakufika. Walikamatwa Rhodesia, kwenye Maporomoko ya Victoria, wakarudishwa mikononi mwa polisi wa Kireno. Josina alikaa gerezani miezi kadhaa, na siku yake ya kutimiza miaka 19 ilimkuta humo. Makelele yaliyopigwa nje ya nchi yalisaidia wakaachiwa, lakini kila alikokwenda alifuatwa na macho ya polisi.

Mwaka 1965 alijaribu tena. Safari hii alipitia Swaziland, na baada ya mizunguko mingi akafika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka nyumbani. Alipofika kulikuwa na watu waliompokea, na hakuna aliyemwambia kwamba kwa kuwa mara ya kwanza alishindwa, sasa akae pembeni.

Tulipime jambo hili kwetu. Mvulana akikosea kusoma fungu mbele ya kanisa, tunacheka kidogo na Sabato inayofuata anasoma tena. Binti akikosea, mara nyingi ndiyo mwisho. Hatuambiwi na mtu, tunalifanya tu: jina lake halirudi kwenye ratiba.

Ni nani katika kikundi chenu aliyejaribu mara moja, akatetereka, na hajaitwa tena?

JUMANNE: Uamuzi Wake Mwenyewe

Dar es Salaam palikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule na makazi ya vijana wakimbizi. Iliongozwa na Janet Mondlane, Mmarekani, mke wa Eduardo Mondlane aliyekuwa rais wa FRELIMO. Josina alikuwa na umri wa miaka 20 tu alipofanywa msaidizi wake. Msichana aliyetoka gerezani mwaka uliotangulia sasa alikuwa na ofisi na vijana wa kuwaangalia.

Kisha akapewa nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu Uswisi. Aliikataa, akajitolea kujiunga na kitengo kipya cha wanawake.

Mabinti wetu wasilielewe vibaya jambo hili. Hatumsifu kwa kukataa shule. Katika wilaya zetu shule ndiyo mlango ambao wasichana wengi wanafungiwa kabla hawajaufikia, kwa mimba, kwa ndoa za mapema, au kwa sababu msimu wa korosho umekuja na nyumbani mikono haitoshi. Tunachokitazama ni kwamba uamuzi ule ulikuwa wake. Aliulizwa, akapima, akajibu, na jibu lake likaheshimiwa.

Soma Hesabu 27:1–11. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti za Selofehadi, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wakatoa hoja yao juu ya urithi. Musa hakuwafukuza wala hakuwaambia wamtume mjomba. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wako sawa.

Binti akileta hoja kwenye baraza la kanisa lenu, inasikilizwa kama hoja, au anaulizwa kwanza nani kamtuma?

JUMATANO: Nachingwea na Baada ya Hapo

Ndipo tunamfikia Nachingwea, mwaka 1967. Kikosi kile cha wanawake kilikuwa jambo geni hata ndani ya FRELIMO yenyewe. Wapo wanaume walioona kwamba kazi ya mwanamke katika harakati ni kubeba mizigo na kupika. Wapo pia wanavijiji waliokataa kuamini kwamba binti anaweza kuwafundisha lolote.

Baada ya mafunzo, wanawake hao walivuka kwenda maeneo ya kaskazini mwa Msumbiji yaliyokuwa yameshikwa na FRELIMO. Walibeba vifaa na kulinda vijiji. Lakini sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kukaa na watu: kueleza, kufundisha kusoma, kusaidia wagonjwa, kukusanya watoto waliopoteza wazazi. Mama wa kijijini alipomwona msichana amesimama mbele ya mkutano na kusema akaeleweka, alipata jambo la kufikiri aliporudi nyumbani.

Julai 1968 FRELIMO ilifanya mkutano wake mkuu wa pili katika jimbo la Niassa. Josina alikuwa mjumbe, akatetea wanawake washiriki kikamilifu katika ngazi zote. Mwaka 1969 akakabidhiwa Idara ya Mambo ya Jamii, kabla ya kufikisha miaka 25. Hapo alishughulika na vituo vya malezi na elimu kwa watoto wa vita, hasa yatima. Linganisha na Yakobo 1:27.

Hebu tazama ngazi alizopanda: mwanafunzi katika chama, msaidizi wa ofisi, mmoja wa watu 25, mjumbe wa mkutano mkuu, kiongozi wa idara. Katika kila ngazi alikuwapo mtu mzima aliyeachia nafasi.

Kanisani kwenu ngazi ya kwanza ni ipi, na inaanza umri gani? Mtumishi mdogo wa 2 Wafalme 5:1–4 alikuwa na nafasi gani nyumbani mwa Naamani hata neno lake likasikika?

ALHAMISI: Silaha, Ugonjwa na Kaburi la Kinondoni

Kanisa letu, tangu siku za waanzilishi, limewashauri waumini wake wasibebe silaha vitani. Hatumweki Josina mbele ya mabinti ili waige bunduki. Biblia yenyewe haituonei haya kutupa watu ambao maisha yao yamechanganyika na vita. Debora wa Waamuzi 4 ni mmoja wao. Kabla ya vita Debora alikuwa akiketi chini ya mtende na watu wakimwendea awaamue. Baraka hakukubali kwenda bila yeye. Tunalolichukua kwao wote wawili ni kuaminiwa na watu na kulijibu tumaini hilo kwa kazi.

Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, Dar es Salaam. Mei mwaka huohuo Josina na Samora walifunga ndoa Tunduru, katika kituo cha elimu cha FRELIMO, na Novemba wakapata mtoto wa kiume. Mwaka 1970 Josina aliugua. Alikwenda Moscow kutibiwa, akashauriwa apumzike. Hata hivyo mwanzoni mwa 1971 alikwenda tena Cabo Delgado kukagua kazi. Aliporudi Dar es Salaam alikuwa amechoka sana. Alifariki tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25, akazikwa makaburi ya Kinondoni. Mtoto wake alikuwa hajafikisha miaka miwili. Uhuru wa Msumbiji, tarehe 25 Juni 1975, hakuuona. Nchi yake imeifanya tarehe 7 Aprili kuwa Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, na shule kubwa ya sekondari jijini Maputo inaitwa kwa jina lake.

Hapa pana onyo kwetu tunaoamini kwamba mwili ni hekalu. Binti mmoja akionekana anaweza, makanisa hufanya haraka kumpa kwaya, ukarani, Watafuta Njia na usafi wa kanisa, mpaka anaanguka au anakimbia. Kumkuza binti ni pamoja na kumwambia apumzike, na kumtafuta wa pili na wa tatu wa kusaidiana naye. Soma Marko 6:30–32, uone Yesu alivyowaita wanafunzi wake waliporudi kazini.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Paulo alimwandikia Timotheo kijana (1 Timotheo 4:12) kwamba asidharauliwe kwa ajili ya ujana wake. Barua hiyo ilisomwa pia na wazee waliokuwa na uwezo wa kumdharau.

Kikundi kinachotaka kuanza kifanye mambo machache. Robo hii chagueni mabinti wawili, si mmoja. Mmoja aongoze marudio ya somo Sabato moja kati ya mbili. Mwingine ashike daftari la mahudhurio na hesabu ya sadaka, na atoe taarifa kwa kinywa chake mwenyewe. Mwambieni siku saba kabla, asishtukizwe. Mama mmoja wa kanisa akae naye katikati ya juma wapitie maswali. Akikosea, asahihishwe baada ya kipindi, wakiwa wawili tu. Sabato ya zamu yake inayofuata asimame tena. Wazazi nao waelezwe, ili Sabato ya zamu yake asiachwe nyumbani kulinda mji.

MASWALI YA KUJADILI

1. Hesabuni waliosimama mbele ya kanisa lenu Sabato nne zilizopita. Wasichana walio chini ya miaka 20 walikuwa wangapi, na walifanya kazi gani?

2. Baadhi ya desturi zetu za malezi zinamfundisha binti kwamba kunyamaza ndiyo adabu. Adabu ya kweli mbele za Mungu ni ipi? Tumieni Hesabu 27 katika kujibu.

3. Watu wazima waliomwachia Josina nafasi walihatarisha kitu: aliyekosea angeweza kuwaaibisha. Sisi tunaogopa nini hasa tunapomnyima binti nafasi?

4. Ombeni kwa kutaja majina ya mabinti wa kikundi chenu, mmoja mmoja. Kisha, kabla ya kufunga, andikeni jina la atakayeongoza Sabato ijayo.