Yusuf bin Hasan wa Mombasa

Yusuf bin Hasan (kwa jina la ubatizo Dom Jerónimo Chingulia, alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 17, alifariki Jeddah mwaka 1638) alikuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba chini ya himaya ya Wareno. Anajulikana hasa kwa uasi wa Agosti 1631, alipoliteka Boma la Yesu, akaukana Ukristo aliolelewa ndani yake na kuwaua karibu watu 300 waliokataa kuukana pamoja naye. Wakatoliki huwaita watu hao Wafiadini wa Mombasa. Wengine humkumbuka Yusuf kama mmojawapo wa watawala wa kwanza wa pwani ya Afrika Mashariki waliowafukuza wakoloni kwa silaha.

Ukoo na utoto

Yusuf alitoka katika ukoo wa watawala wa Malindi. Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno tangu mwaka 1498, Vasco da Gama alipopata huko mwongoza jahazi wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mombasa, kinyume chake, iliwapinga na ikachomwa moto zaidi ya mara moja. Wareno walipoanza kujenga Boma la Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, walimhamishia mfalme wa Malindi katika kiti cha Mombasa. Kwa hiyo ukoo huo ulitawala mji usio wake, kwa nguvu ya mizinga isiyo yake.

Urafiki haukudumu. Hasan bin Ahmad, babake Yusuf, aligombana na makapteni wa boma juu ya biashara, kodi na heshima. Mwaka 1614 alikimbilia bara, akajificha kwa Wanyika (leo Wamijikenda). Huko aliuawa na watu waliohongwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno katika Bara Hindi.

Mwanawe, mtoto wa miaka kama saba hivi, alipelekwa Goa vilevile. Alilelewa na watawa Waagostino, akabatizwa Jerónimo, akajifunza kusoma, kuandika na kuzungumza Kireno. Alipokuwa kijana alitumikia katika meli za kivita za Wareno na kujifunza kazi ya mizinga, ujuzi uliowagharimu walimu wake baadaye. Alioa mke Mkristo, Dona Isabel, akapokewa pia katika Shirika la Kristo, chama cha heshima cha mfalme wa Ureno.

Mfalme Mkristo katika mji wa Waislamu

Mwaka 1626 Wareno walimthibitisha kuwa mfalme. Alimwandikia Papa Urbano VIII barua ya utii, na kwa Wareno alionekana mwanzo wa pwani nzima kuwa ya Kikristo. Hali halisi ilikuwa nyingine. Raia zake wengi walikuwa Waislamu, nao walimwona mgeni: mavazi yake, chakula chake na ibada yake vilikuwa vya Goa. Maofisa Wareno nao hawakumpa heshima ya kifalme. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa alimtendea kama mtu wa chini yake, jambo lililomuumiza mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba ni sawa na mabwana wa Ureno.

Ilisemekana kwamba alianza kwenda kwa siri kwenye kaburi la babake na kusali huko kwa desturi ya Kiislamu. Habari zilimfikia kapteni, ambaye alikusudia kumkamata na kumrudisha Goa kuhukumiwa. Yusuf alijua vizuri Goa ilimaanisha nini kwa familia yake.

Uasi wa Agosti 1631

Tarehe 16 Agosti 1631, siku moja baada ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Yusuf aliingia bomani na watu wake kana kwamba anamtembelea kapteni. Alimchoma jambia kwa mkono wake mwenyewe, na wafuasi wake wakawaua askari walinzi. Nyumba za Wareno mjini zikachomwa. Waliosalia walikimbilia katika konventi ya Waagostino, wakakaa humo kwa siku kadhaa bila silaha za kutosha wala tumaini la msaada, kwa sababu Goa ilikuwa mbali na pepo za majira hayo hazikuruhusu meli kuja upesi.

Yusuf alikuwa ameacha jina la Jerónimo na kutangaza kwamba yeye ni Mwislamu. Waliokuwa konventini walipewa njia mbili: kuwa Waislamu au kufa. Watawa na wanaume waliuawa kwanza, kwa mikuki na mishale. Wanawake na watoto wengi walifuata. Baadhi yao walipakiwa mashuani na kutoswa baharini.

Habari za Waafrika waliokuwa miongoni mwao zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa mara nyingi tukio hili husimuliwa kama ugomvi wa Wareno na Waswahili tu. Wafuasi wa Kristo mjini Mombasa hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwemo wenyeji waliobatizwa, watumwa na waliokombolewa, wake Waafrika wa Wareno na watoto wao. Mreno aliweza kuuawa kwa kuwa Mreno tu. Mwafrika mwenyeji hakuwa na kosa la utaifa. Kwake kubadili dini kulitosha kumwokoa, na wengine walifanya hivyo. Waliokataa walijua wanachokikataa. Miongoni mwao alikuwemo jamaa wa mfalme mwenyewe, António wa Malindi, aliyekuwa na kila sababu ya kupewa cheo katika utawala mpya.

Vita na uhamisho

Yusuf aliita miji mingine ya mwambao imfuate. Pemba iliitikia, na upande wa kusini uasi ulifika hadi Tanga na Mtang'ata, karibu na magofu ya Tongoni ya leo. Kwa Wareno pwani hiyo haikuwa ngeni: mwaka 1499 Vasco da Gama aliichoma moto meli yake São Rafael kwenye mafungu ya Mtang'ata kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Miji mingine ilisita. Pwani haikuwa nchi moja, na wengi walipima kwanza nani atashinda.

Mwanzoni mwa mwaka 1632 kikosi kutoka Goa kikiongozwa na Francisco de Moura kililizingira boma. Mizinga iliyojengewa kuwatisha watu wa Mombasa ilielekezwa kwa waliojenga, na mfalme aliyefundishwa kuitumia katika meli za Wareno alijua kazi yake. Mwezi Machi Wareno walijitoa. Hata hivyo Yusuf alitambua kwamba wangerudi wakiwa na nguvu zaidi. Mwezi Mei alibomoa sehemu ya boma, akachukua mizinga na meli aliyoiteka, akaondoka. Wareno walirudi Agosti wakaikuta ngome haina mwenyewe.

Miaka sita iliyobaki aliiishi baharini. Alionekana Uarabuni, Komoro na Bukini, akishambulia meli za Wareno na kutafuta msaada bila kuupata. Aliuawa na maharamia katika Bahari ya Shamu mwaka 1638, akiwa bado mtu wa makamo. Hakuwahi kukanyaga Mombasa tena kama mtawala, na kiti cha ukoo wa Malindi kilikwisha naye.

Walioachwa nyuma walilipa deni lake. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira alilitengeneza boma na mwaka 1639 akaweka juu ya lango maandishi ya kujisifu, yakitaja miji aliyoiadhibu au kuitoza kodi, ikiwemo Pate, Siyu, Pemba na Utondwe ulio upande wa Saadani. Maandishi hayo yangali yakionekana kwa wanaotembelea boma, ambalo tangu mwaka 2011 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Suala la ufiadini

Mara baada ya uasi, Kanisa la Goa lilifanya uchunguzi. Walioponea na wengine wenye habari waliapishwa na maneno yao kuandikwa, ili Roma iombwe kuwatangaza waliouawa kuwa wafiadini. Karibu yote yanayojulikana juu ya siku zile yanatokana na ushahidi huo, ambao ulitolewa na upande mmoja tu. Yusuf hakuhojiwa na mtu.

Swali la uchunguzi lilikuwa la zamani kuliko Mombasa. Katika Kigiriki cha Wakristo wa kwanza neno la mfiadini lilimaanisha shahidi, na Kiswahili kwa njia ya Kiarabu kinalitumia neno shahidi kwa maana hizo hizo mbili. Chini ya Kaisari Decius, mwaka 250, raia wa Dola la Roma waliamriwa kutoa sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha kwamba wametii. Wapo waliokufa, wapo waliotii, na wapo walionunua hati tu. Askofu Sipriano wa Karthago, aliyeuawa mwaka 258, alihangaika miaka mingi juu ya namna ya kuwapokea tena walioanguka. Agostino wa Hippo, ambaye watawa wa Mombasa walifuata kanuni yake, alifundisha kwamba kinachomfanya mtu kuwa mfiadini si mateso bali sababu ya mateso.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Yusuf alikuwa na sababu zisizohusu imani: damu ya babake, dharau ya kapteni, hofu ya kurudishwa Goa. Askari walioanguka bomani siku ya kwanza walikufa vitani, bila kuulizwa chochote kuhusu Kristo. Waliotolewa konventini waliulizwa, wakajibu. Kuwahesabu wote kwa pamoja, kama ilivyofanywa mara nyingi, kunawafunika hao wa pili.

Roma haikutoa uamuzi. Baada ya Waarabu wa Omani kuliteka boma mwaka 1698, Ukristo ulififia mjini, na Wareno walioirudia Mombasa mwaka 1728 hawakudumu hata miaka miwili. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika mwaka 1844 hakukuta jumuiya ya Kikristo ya kuendeleza kumbukumbu hiyo. Makanisa ya leo ya Mombasa, kama yale ya Tanga na Muheza, yalianzishwa na wamisionari wa karne ya 19, na waliouawa mwaka 1631 hawajatangazwa kuwa wenye heri wala watakatifu.