Omar ibn Said: Mwanachuoni aliyeuzwa Charleston

Charleston, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, ilikuwa bandari kuu ya kuingizia watumwa kutoka Afrika. Mwaka 1807, wa mwisho kabla ya sheria kupiga marufuku uingizaji huo, alishushwa hapo mtu mzima aliyebeba kifuani elimu ya miaka 25.

Omar ibn Said alizaliwa yapata mwaka 1770 Futa Toro, eneo ambalo leo limo Senegal. Alisoma kwa mashekhe, mmoja wao akiwa ndugu yake, Sheikh Muhammad Said. Kisha likaja jeshi, likaua watu wengi na kumteka yeye, akauzwa na kuvushwa bahari kwa mwezi mmoja na nusu.

Bwana wake wa kwanza, Johnson, alikuwa mkatili. Omar alitoroka hadi Fayetteville, North Carolina; akaingia katika jengo kuswali, akakamatwa na kutiwa jela siku 16. Husimuliwa kwamba huko alijaza kuta maandishi ya Kiarabu kwa mkaa. Ndipo akanunuliwa na James Owen, ambaye nduguye, John, alikuja kuwa gavana wa jimbo hilo.

Mwaka 1831 Omar aliandika wasifu wake kwa Kiarabu, na akaufungua kwa Surat al-Mulk, aliyoihifadhi moyoni. Ndugu msomaji, zingatia uteuzi huo. Sura hiyo huanza kwa kutangaza kuwa ufalme wote umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu, na aliyeiandika ni mtu ambaye sheria ya nchi ilimhesabu kuwa mali ya mwenziwe. Waliommiliki walimsifu kwa mwandiko wake, lakini kuusoma hawakuweza!

Kabla ya hapo alikuwa amebatizwa, na wapo walioandika kuwa aliiacha dini yake. Hata hivyo, ndani ya Biblia ya Kiarabu aliyopewa aliandika kumhimidi Allah. Ya moyoni anayajua Mola wake. Nasi hatuna haja ya kumhukumu mtu ambaye hakuwa na hiari hata ya mwili wake.

Alifariki mnamo 1864, akiwa bado mtumwa, mwaka mmoja kabla utumwa haujafutwa Marekani nzima. Msikiti mmoja wa Fayetteville umepewa jina lake, na wasifu wake umehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani tangu 2017. Huko Charleston, mwaka 2023, lilifunguliwa jumba la makumbusho ya Wamarekani Weusi katika gati la Gadsden, ambako maelfu ya Waafrika walishushwa katika miaka hiyohiyo aliyofika Omar.