Daktari Otto Schott na Kioo Kinachostahimili Moto

Wengi wetu hapa Gitega hushika bilauri za maabara bila kuuliza zilitoka wapi. Mimi kwetu ni Muyinga, ambako watu huchimba dhahabu na kuiosha, na wengine huisafisha uani kwa tindikali ya nitriki. Tindikali hiyo hula shaba na fedha zilizochanganyika nayo, dhahabu ikabaki. Kioo haikili, ndiyo sababu chombo huwa cha kioo. Lakini mara nyingi chombo chenyewe ni chupa ya soda iliyokatwa, ikawekwa juu ya makaa. Hupasuka, kazi ya miezi ikamwagika majivuni, na tindikali ikaruka miguuni mwa mtu. Basi nataka kuwaeleza habari za bwana mmoja aliyeshughulika na kioo maisha yake yote.

Otto Schott alizaliwa Witten, Ujerumani, tarehe 17 Desemba 1851. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa vioo vya madirisha, hata mtoto akakua karibu na tanuru. Alisoma kemia, na mwaka 1875 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Jena kwa kuandika juu ya kasoro za vioo hivyo. Wakati ule mafundi walifuata mazoea ya wazee wao: mchanga, magadi na chokaa. Schott alitaka kujua kila kitu kinachotiwa tanuruni huleta tabia gani. Mwaka 1879 alimpelekea Profesa Ernst Abbe wa Jena vipande vya kioo alichokitengeneza kwa lithiamu, na kutoka hapo wakashirikiana. Mwaka 1884 wao wawili, pamoja na Carl Zeiss na mwanawe Roderich, walianzisha maabara ya kioo mjini Jena.

Tusimame kidogo hapa. Kioo kikipata moto hutanuka. Upande ulioguswa na moto hutanuka kwanza, na upande wa pili ungali baridi. Huu unasukuma, ule unakataa, kioo kinapasuka. Kioo kinene ndicho kibaya zaidi, maana joto hukawia kupenya. Nasi tunadhani unene ni nguvu! Kati ya mwaka 1887 na 1893 Schott alitengeneza kioo chenye boroni, kitu kilichomo katika boraksi, ile ile ambayo masonara huinyunyiza wanapoyeyusha dhahabu. Kioo cha namna hiyo, kama kinavyotengenezwa leo, hutanuka kiasi cha theluthi tu ya kioo cha chupa. Kilitumika kwa vipimajoto, vyombo vya maabara na taa za gesi, na taa hizo ndizo zilizoleta fedha nyingi kiwandani. Mimi navistahi zaidi vipimajoto, lakini mwenye kiwanda lazima auze.

Wajerumani walipojenga boma la Kitega mwaka 1912, kama mji wetu ulivyoitwa zamani, Schott alikuwa mzee wa miaka 60, angali kazini. Mwaka 1919 aliitoa sehemu yake ya kiwanda kwa wakfu wa Carl Zeiss, ambao Abbe aliuanzisha. Alifariki Jena tarehe 27 Agosti 1935.

Hata hivyo kioo chake si chuma. Kikiwa na mkwaruzo mdogo tu, ufa huanzia hapo, kwa hiyo hakisuguliwi kwa mchanga wala kukorogewa kwa fimbo ya chuma. Hakitolewi motoni na kuwekwa juu ya saruji baridi. Huwekwa juu ya ubao mkavu. Moto nao hauguswi moja kwa moja: mchanga hutiwa katika sufuria, chombo kikakaa juu yake, joto likapanda polepole, tena nje penye upepo, maana moshi wa kahawia unaotoka huharibu mapafu. Na chini ya vyote huwekwa karai pana la udongo uliopakwa rangi ya kioo, ili chombo kikipasuka dhahabu ibaki karaini.